Kabla Hujafukua Kaburi: Namna ya Kujibu Uzi Uliolala Miaka

"Mkuu, bado ipo?"

Maneno matatu tu, yameandikwa chini ya tangazo la baiskeli lililobandikwa miaka sita kabla. Uzi, yaani tangazo hilo pamoja na majibu yake yote, ukapaa hadi juu ya orodha ya jukwaa letu la mtandaoni. Ndani ya saa moja watu wanne walikuwa wameshauliza bei ya mwisho, mmoja ameomba picha zaidi, na mwingine anamsema muuzaji kwa dharau ya kutojibu wateja. Muuzaji mwenyewe alikuwa hajaingia jukwaani tangu mwaka ule alioitangaza. Siku hiyo nilikuwa modereta wa zamu, yaani msimamizi wa jukwaa. Nilicheka, nikafunga uzi, halafu nikakumbuka kwamba hata mimi mlango nilioingilia jukwaani ni huo huo.

Posti yangu ya kwanza kabisa ilikuwa ya kufukua kaburi, ndivyo tunavyoita kujibu uzi uliolala miaka. Nilikuwa na printa inayovuta karatasi mbili mbili. Nikatafuta, nikapata uzi wenye tatizo langu hasa, hata aina ya printa ni ile ile. Nikajiandikisha, nikathibitisha barua pepe, nikasubiri akaunti ikubaliwe, kisha nikaandika: "Na mimi yangu inafanya hivyo hivyo. Mwenye kujua anisaidie." Jibu la kwanza lilikuwa picha ya fuvu na sepetu. La pili: "Angalia tarehe, mkuu." Kweli sikuwa nimeangalia tarehe. Uzi ulikuwa na miaka saba.

Siku mbili baadaye, nimeshajifunza adabu, nikafungua uzi mpya. Jibu likaja upesi: "Ungetafuta kwanza, hili limeshajadiliwa." Na kiungo alichoniwekea kilikuwa cha uzi ule ule niliochekwa.

Hapo ndipo kichekesho chote cha jambo hili kilipo. Mgeni akiuliza bila kutafuta, anaambiwa mvivu. Akitafuta na kujibu alichokipata, anaambiwa anafukua makaburi. Nimekuwa mgeni wa kuchekwa, kisha nikawa modereta wa kucheka kwa miaka kadhaa, na msimamo wangu wa sasa ni kwamba tunawalaumu watu kwa kosa ambalo si lao. Umri wa uzi hauna shida. Shida ni unachoingia nacho, na unamwandikia nani.

Kwanza tuelewane kero yenyewe inatoka wapi. Majukwaa mengi hupanga nyuzi kwa tarehe ya jibu la mwisho. Ukijibu uzi wa zamani, unapanda kileleni, na uzi uliokuwa mkiani mwa ukurasa wa kwanza unasukumwa ukurasa wa pili, ambako haendi mtu. Huenda ni wa mtu aliyeuliza leo asubuhi na bado anangoja. Nafasi yake umeichukua wewe kwa neno "asante" la mwaka juzi. Pili ni arifa. Wote waliowahi kuchangia, au kuufuatilia uzi huo, simu zao zinalia. Wengine walishasahau kama waliwahi kuwa na akaunti. Tatu, na hili ndilo linalonichekesha zaidi, watu hawasomi tarehe. Nimeona mtu aliyeuliza anunue simu ipi kati ya mbili akipewa ushauri wa kina kurasa mbili nzima, watu wanabishana kuhusu betri na kamera, wakati simu zote mbili zilishaacha kutengenezwa zamani na muulizaji alishanunua, akaitumia, na bila shaka akaitupa.

Programu zenyewe nazo zinachangia. Chini ya ukurasa kuna kisanduku cha "nyuzi zinazofanana", kinamchanganyia msomaji wa leo mambo ya miaka kumi iliyopita. Tarehe imeandikwa kwa herufi ndogo za kijivu. Google nayo mara nyingi inaleta uzi wa zamani mbele, maana ndio uliowekewa viungo na wengi. Mtu ameongozwa mpaka mlangoni, amefunguliwa, kisha anafokewa kwa kuingia.

Kuna wakati shida hii haikuwapo. Usenet, mfumo wa mijadala uliobuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, ulisambaza ujumbe kutoka seva moja hadi nyingine, na kila seva ilifuta ujumbe wa zamani baada ya muda kwa sababu diski zilikuwa ndogo na ghali. Mjadala ulikuwa kama mazungumzo ya barazani: ukikosekana siku hiyo, umekosa. Mwaka 1995 huduma ya Deja News ikaanza kuhifadhi mijadala hiyo na kuiweka itafutike, na mwaka 2001 Google ikainunua hazina hiyo. Maneno yaliyosemwa kupita yakageuka kumbukumbu. Tangu hapo tunaishi na kitu chenye sura mbili: ni mazungumzo kwa waliomo, na ni maktaba kwa anayefika baadaye. Ugomvi wote wa kufukua makaburi ni ugomvi wa watu wa baraza na watu wa maktaba.

Ndiyo maana kila jukwaa lina sheria yake, na baadhi zinapingana waziwazi. Reddit, tovuti kubwa ya mijadala, kwa miaka mingi ilikuwa ikifungia kabati posti zote zilizofikisha miezi sita; huwezi kutoa maoni wala kupiga kura. Mwaka 2021 ikalegeza, wasimamizi wa kila jumuiya wakaachiwa waamue wenyewe. Discourse, programu ya majukwaa iliyotoka mwaka 2013, haikuzuii. Ukianza kuandika jibu kwenye uzi ambao haujaguswa muda mrefu (mpangilio wa kuanzia ni siku 180), inakuonyesha onyo kwamba jibu la mwisho ni la zamani, kwamba utaupandisha uzi juu na kuwaita wote waliokuwamo, kisha inakuuliza kama una uhakika. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandika programu, yenyewe inakupa zawadi: kuna beji inaitwa Necromancer, yaani mpandisha mizimu, ya mtu aliyejibu swali zaidi ya siku 60 baada ya kuulizwa na jibu lake likapata alama tano au zaidi. Kosa lililonifanya nichekwe, pengine lingenipa nishani. Lakini pale kuna sababu. Stack Overflow ni maktaba tangu siku ya kwanza. Kila jibu linapaswa kuwa jibu, soga hazitakiwi.

Wanaonivutia kuliko wote ni Wajapani. Kwenye 2channel, jukwaa lililoanza mwaka 1999, mchangiaji aliweza kuandika neno "sage" kwenye nafasi ya barua pepe, na jibu lake likaingia bila kuupandisha uzi. Neno hilo linatokana na kitenzi chao cha kushusha. Tena uzi ukifikisha posti 1000 unafungwa, anayetaka kuendelea anafungua mwingine. Tazama walivyotenganisha vitu viwili ambavyo wengi wetu tumevifunga kamba moja: kusema, na kupanda juu. Kama programu zote zingekuwa na kitufe hicho, nusu ya makala hii isingehitajika.

Nisichokipenda ni roboti wa kufunga. Kwenye miradi mingi iliyoko GitHub, tovuti ambako waandika programu huweka kazi zao, huwekwa roboti anayekagua ripoti za hitilafu; mpangilio wake wa kawaida ni kwamba ripoti ikikaa siku 60 bila mtu kuigusa anaibandika alama ya uchakavu, na zikipita siku saba nyingine anaifunga. Nawaelewa wenye miradi, wamezidiwa. Lakini hitilafu haiponi kwa kunyamaziwa, na watu wanaishia kuandika "bado lipo" kila baada ya siku hamsini ili kumfukuza roboti. Hiyo nayo ni takataka, tena ya kulazimishwa.

Nasema haya kwa sababu hata mimi niliwahi kuwa roboti. Nilipokabidhiwa usimamizi wa sehemu ya msaada wa kompyuta, nilikuta malalamiko mengi ya makaburi yanayofukuliwa. Nikaweka kanuni ya kujiendesha: uzi wowote uliokaa miezi sita bila jibu unafungwa. Jukwaa likatulia. Nilisifiwa. Kwa mwaka mmoja na kitu nilijiona nimepatia.

Halafu ukaja ujumbe wa faragha, mrefu, hauna hata salamu. Mtu alikuwa amefuata maelekezo ya uzi wetu wa kutengeneza fleshi ya kusimikia mfumo wa Linux. Uzi ulikuwa maarufu, Google iliuweka juu. Aliyeandika jibu lile alikuwa amenakili amri ya dd, ile ya kuandika data moja kwa moja kwenye diski, kutoka kwenye mashine yake kama ilivyo, ambako fleshi ilitambulika kama sdb. Hakueleza kwamba jina hilo hutofautiana kati ya kompyuta na kompyuta, na kwamba unapaswa kwanza kuangalia kwako fleshi inaitwaje. Kwenye mashine ya huyu bwana, sdb ilikuwa diski yake ya pili, yenye picha za familia. Na amri ya dd haikuulizi mara mbili. Ukishabonyeza, inaandika juu ya kilichopo.

Nilikwenda kuangalia uzi. Nikakuta kitu kilichoniumiza zaidi ya ujumbe wenyewe. Miezi minane kabla, mwanachama mwingine alikuwa ameiona hatari hiyo. Alijaribu kujibu, akakuta uzi umefungwa, akafungua uzi mpya wenye kichwa "TAHADHARI kuhusu uzi wa fleshi". Ulipata majibu mawili, ukazama. Anayefika kupitia Google hakuuona, kwa sababu Google ilimleta kwenye ule wa zamani, uliofungwa, wenye jibu baya limeketi juu kama sheria. Tulikuwa tumempiga kufuli daktari nje, mgonjwa ndani.

Usiku ule ule nikaitoa kanuni. Nikafungua uzi, nikaweka onyo kwa herufi nzito juu ya jibu lile, nikahamishia humo posti ya tahadhari. Yule bwana nilimwandikia nikamwomba radhi. Hakujibu.

Kwa hiyo, ukinisikia nashauri, jua ushauri wangu umetoka hapo.

Ukifika kwenye uzi wa zamani na mkono unawasha kujibu, jiulize nani atafaidika. Muulizaji wa mwanzo mtoe kwenye hesabu; huyo karibu kila mara alishaondoka. Msomaji wako ni mtu mmoja usiyemjua, atakayeletwa hapo na Google mwakani saa saba usiku, akiwa amechoka, anatafuta sentensi moja ya kumwokoa. Kama unayo sentensi hiyo, andika bila kuomba radhi. Jibu la juu limepitwa na wakati? Sema. Kiungo kimekufa na unajua kilipohamia? Weka. Jibu lina hatari? Hapo hata usijiulize.

Ila iandike kwa namna ambayo msomaji ataelewa yuko mwaka gani. Hivi ndivyo ninavyoandika mimi, na nimewahi kuiga kwa mwanachama mmoja aliyekuwa fundi wa jambo hili:

"Najua uzi huu ni wa 2016, naandika kwa ajili ya watakaoufikia kwa kutafuta. Hatua ya tatu ya jibu la juu haifanyi kazi tena kuanzia toleo la 4. Kitufe kimehamishiwa kwenye Mipangilio, sehemu ya Faragha. Nimejaribu leo kwenye mashine mbili, imekubali."

Mwaka wa uzi upo, anayeandikiwa anajulikana, kilichobadilika kimetajwa, na kimejaribiwa wapi. Hakuna atakayekuletea picha ya sepetu. Na akija wa kuileta, modereta mwenye akili ataifuta sepetu na kuliacha jibu.

Kama ulichonacho ni tatizo lako, mambo ni mengine. Usiandike "na mimi pia". Hata kama dalili ni zile zile, baada ya miaka mitatu programu si ile, kifaa si kile, na wajibuji watachanganya maelezo yako na ya aliyekutangulia. Fungua uzi mpya, weka kiungo cha ule wa zamani, useme umejaribu nini kati ya yaliyoshauriwa mle na kimekwama wapi. Kiungo hicho ndicho kinga yako dhidi ya wale wa "ungetafuta kwanza". Kama ningejua hilo enzi za printa yangu! (Ilikuwa ni mpira wa kuvutia karatasi, ulikuwa umechakaa na kuwa laini kama sabuni. Niliupangusa, haukusaidia, nikabadilisha. Hilo nalo niliwahi kurudi kuliandika kwenye uzi ule wa miaka saba, safari hii hakuna aliyecheka.)

Na kuna sentensi moja ambayo, kama ningekuwa na mamlaka, ningeipigia faini: "Tatizo limeisha, asanteni." Basi. Haelezi limeishaje. Nimekutana nayo mara nyingi hadi nikatafuta dawa yake, na dawa ni ujumbe wa faragha. Niliwahi kuwa na diski ya nje inayojikata kila baada ya dakika chache. Nikapata uzi wa miaka mitano wenye diski hiyo hiyo, kurasa mbili za kubahatisha, na mwishoni sentensi ile. Badala ya kuuliza mle "mkuu ulifanyaje?" na kuwaamsha watu ishirini, nilimwandikia mwenyewe faraghani: nimetaja uzi, nimeeleza yangu, nimeuliza swali moja. Sikutegemea. Baada ya siku tatu akajibu, tena kwa furaha ya mtu aliyekumbukwa. Ilikuwa ni mpangilio wa Windows wa kuokoa umeme, unaoruhusu milango ya USB kuzimwa diski ikitulia. Alikuwa ameuzima tu. Nikauzima, diski ikatulia. Kisha nikarudi kwenye uzi, nikaandika suluhisho kwa maneno yake na kwa ruhusa yake. Ule uzi niliupandisha juu kwa makusudi, na hakuna aliyenung'unika.

Zipo nyuzi za kuziacha zilale. Matangazo ya mauzo, mashindano yaliyokwisha, habari za tukio lililopita. Hizo modereta afunge mapema bila huruma, maana hazina msomaji wa kesho. Na nyuzi za ugomvi. Kuna watu hurudi baada ya miaka miwili kumjibu mtu aliyewashinda hoja, wameshapata jibu kali bafuni. Wahenga walisema usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Nimewaona wakilala kweli, kwa maana ya kula ban, yaani kufungiwa akaunti.

Ila si kila uzi wa zamani usio na swali ni wa kufungwa. Tulikuwa na mwanachama aliyefariki, mtu aliyesaidia wengi. Uzi wa rambirambi zake hupanda juu kila mwaka, mtu anaandika mistari miwili, unashuka. Kanuni yangu ya miezi sita ilikuwa imeufunga na ule pia. Nilipoufungua, kulikuwa na watu walioona kabla sijatangaza.

Kwa wasimamizi wenzangu nina mawili. La kwanza ni kujifunza kukata uzi. Karibu kila programu ya jukwaa inakuruhusu kuchagua posti na kuzihamishia kwenye uzi mpya. Mgeni akileta tatizo lake kwenye uzi wa zamani, kata, mpe uzi wake, mwekee kiungo cha kutokea na cha kurudi, mwambie umefanya nini. Ni kazi ya nusu dakika na mgeni habaki na aibu. Onyo la kabla ya kuandika nalo liwashe, mradi liwe la kutahadharisha tu, kufuli libaki kwa zile nyuzi nilizotaja.

La pili ni spamu, yaani posti za matangazo ya hila, na hapa wanaochukia makaburi wana hoja. Walanguzi wa viungo hupenda nyuzi za zamani zilizoko juu kwenye Google. Huja na sentensi tamu isiyo na mwenyewe, "nashukuru kwa mada nzuri, imenisaidia sana", haina kiungo, modereta anapita. Siku kumi baadaye wanairudia kwa kuihariri na kupachika kiungo cha kamari ndani yake. Kwa kawaida kuhariri hakuupandishi uzi, kwa hiyo hakuna anayeona. Dawa yake: akaunti mpya isiweze kuhariri posti baada ya muda mfupi, na posti ya kwanza ya mtu mpya kwenye uzi wa zamani ipitie kwako kwanza. Isome kwa jicho la kuuliza: hii ingeweza kubandikwa chini ya uzi wowote duniani? Kama ndiyo, ifute.

Uzi wa fleshi bado upo. Onyo liko juu, amri imerekebishwa, na chini yake kuna hatua ya kuandika lsblk kwanza ili kuona diski zote na ukubwa wake kabla ya kugusa chochote. Wiki iliyopita ulipanda tena. Nilipoona jina geni na neno "asante" nilishika kitufe cha kufuta, maana kwa sheria zetu za zamani asante tupu ni takataka. Nikasoma kwanza. "Asante. Nilikuwa naenda kuandika sdb, nikaangalia kama mlivyosema, kumbe kwangu fleshi ni sdc." Nimeiacha hapo.